Mitambo ya sauti imtii mwenye mali

Ofisi nyingi za umma, vyuo na shule zetu zina kumbi za mikutano, na katika kumbi hizo imefungwa mitambo ya sauti: maikrofoni, miksa, amplifaya na spika, vitu vilivyonunuliwa kwa fedha za wananchi. Siku ya kununua huulizwa bei, huulizwa nguvu ya spika, na huulizwa muda wa dhamana. Swali moja huachwa, nalo ndilo litakaloamua faida au hasara kwa miaka mingi baada ya dhamana kwisha: mtambo huu utapokea amri ya nani, na kwa lugha gani?

Iko njia ya zamani, rahisi na ya wazi ya kuuamuru mtambo wa sauti. Njia hiyo ni kuuandikia amri fupi kwa herufi za kawaida, kupitia waya unaouunganisha na kompyuta. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, na kutetea hoja moja: kwamba ni wajibu wa watumishi wa umma kuidai katika kila mtambo unaonunuliwa kwa fedha za umma, na ni wajibu wa walimu kuifundisha. Adhaniaye kuwa jambo hili ni la mafundi peke yao, na asome kwanza, kisha ahukumu.

NYAYA TATU

Msingi wa njia hii uliwekwa Marekani katika miaka ya 1960, kwa mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha RS-232, kilichotolewa mwaka 1960 na chama cha wenye viwanda vya elektroniki ili mashine za kampuni mbalimbali ziweze kuunganishwa kwa waya na kuelewana. La pili ni orodha ya ASCII ya mwaka 1963, iliyoipa kila herufi, tarakimu na alama nambari yake. Orodha hiyo ilizaliwa katika enzi ya teleprinta, na ndiyo sababu hata leo amri nyingi humalizika kwa alama nambari 13, ambayo kwa teleprinta ilikuwa agizo la kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari.

Kwa kazi tunayoizungumzia zinatosha nyaya tatu: wa kupeleka, wa kupokea, na wa tatu unaoshirikiwa na pande zote mbili kama kipimo cha volti. Kama ilivyo kwa wazungumzaji wawili, hapana budi mdomo wa mmoja uelekee sikio la mwenziwe, yaani waya wa kupeleka wa kompyuta uingie mahali pa kupokea pa mtambo. Herufi hazisafiri kwa pamoja. Kila herufi huvunjwa kuwa biti, na biti hizo hupita moja baada ya nyingine, kama watu wapitao katika mlango mwembamba.

Chukua mfano wa risiva za Denon, kampuni iliyoanzia Japani. Katika aina nyingi za risiva hizo amri ya kunyamazisha sauti ni herufi nne tu, MUON, zikifuatwa na ile alama nambari 13. Ya kuirudisha sauti ni MUOFF. Ya kuuwasha mtambo ni PWON, na ya kuulaza ni PWSTANDBY. Ya kuongeza sauti ni MVUP, ya kuipunguza ni MVDOWN, na ukitaka kiasi maalumu unaandika MV50. Mwendo wa kawaida wa waya huo ni biti 9600 kwa sekunde, na kila herufi huchukua biti 10: moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe, na moja ya kumalizia. Kwa hiyo amri nzima ya MUON huchukua biti 50, nazo hupita katika muda wa takriban sehemu 5 za elfu za sekunde.

Jambo la maana zaidi ni kwamba mazungumzo haya ni ya pande mbili. Ukiandika MV pamoja na alama ya kuuliza, mtambo hukujibu kiasi cha sauti uliyo nayo wakati huo, na mwongozo wa mtengenezaji unaeleza kwamba jibu litoke ndani ya sehemu ya tano ya sekunde. Hata mtu akienda kuzungusha kitasa kwa mkono wake, mtambo hutoa taarifa kwa waya ule ule kwamba sauti imebadilika. Rimoti ya kawaida haina uwezo huo. Hiyo hutupa amri hewani na haijui kama imesikiwa. Hali kadhalika mitambo ya Tesira ya kampuni ya Biamp ya Marekani, ambayo hutumika katika kumbi za mikutano, hujibu kwa +OK amri ikikubaliwa, na kwa -ERR ikiwa na kosa. Mtumishi aliyezoea kuandika barua na kungoja jibu lenye kumbukumbu ataona mara moja ubora wa utaratibu huu.

FAIDA YA HERUFI

Huenda msomaji akauliza: kwa nini herufi? Kompyuta si hufanya kazi kwa nambari? Ni kweli, na upo mfano mzuri wa amri za nambari katika fani hii hii ya sauti, nao ni MIDI, mapatano ya watengenezaji wa ala za muziki yaliyotolewa mwaka 1983. Katika MIDI, ukitaka kupanga sauti ya chaneli ya kwanza, unapeleka nambari tatu: 176, 7 na 100. Kinanda kitatii. Lakini mtu aliyezikuta nambari hizo zimeandikwa kwenye karatasi bila maelezo hawezi kukisia maana yake, na kwa kawaida hawezi kuzitunga kwa vitufe vya kuandikia barua.

Herufi ni tofauti. Fundi mpya aliyekuta katika daftari la mtangulizi wake mstari usemao PWON, kisha MV50, kisha MUOFF, atafahamu kwa muda mfupi kilichokuwa kikifanyika. Ataweza kuunakili, kuujaribu, na kuurekebisha. Kosa likitokea, mtu anaweza kuyasoma kwa macho maneno yaliyopita kwenye waya na kutambua ni lipi lililoharibika. Kwa ufupi, maarifa yanaweza kurithiwa, wala hayaondoki na mtu mmoja anapohamishwa kituo au anapostaafu.

Amri za maandishi pia zina umri mrefu. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyopokea amri zinazoanza na herufi AT, na hadi leo, baada ya miaka zaidi ya 40, vifaa vingi vya mawasiliano ya simu za mkononi bado huelewa amri za namna hiyo na kujibu OK. Waya umebadilika, kompyuta zimebadilika, hata kampuni yenyewe imekwisha toweka, lakini lugha imebaki kwa sababu ilikuwa imeandikwa wazi na kila mtu aliweza kuisoma. Risiva za Denon nazo, zilipoanza kuunganishwa katika mtandao wa kompyuta, zilipokea amri zile zile za MUON na MV50 kwa njia hiyo mpya.

Hata hivyo, urahisi huu una sharti lake: mwongozo uwepo. Katika lugha ya risiva tulizozitaja, MV80 ni kiasi cha desibeli sifuri, na MV50 ni desibeli 30 chini yake. Lakini MV505 si mia tano na tano. Ni hamsini na nusu. Aliye na mwongozo huisoma habari hiyo kwa dakika moja. Asiye nao anaweza kupoteza siku nzima, au kuwashtua watu ukumbini kwa mngurumo wa spika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mitambo hii daftari ni ule mwongozo wa amri.

MTAMBO UNAOMTII MUUZAJI

Sasa tutazame upande wa pili. Tuchukulie ukumbi wa halmashauri wenye maikrofoni 12, na kioo cha kugusa mezani pa mwenyekiti ambacho kimepangwa na mkandarasi. Kazi imekabidhiwa, picha zimepigwa, na mkandarasi ameondoka. Baada ya mwaka mmoja viti vinapangwa upya na maikrofoni mbili zinatakiwa zihamishwe. Hapo ndipo inapogunduliwa kwamba faili la programu liko kwa mkandarasi, nywila ziko kwa mkandarasi, na hakuna karatasi hata moja inayoeleza ni amri gani mtambo unazipokea. Badiliko la nusu saa linahitaji gharama za safari, posho na ankara mpya. Na kama mkandarasi amefunga biashara, mtambo mzima unaanza kuhesabiwa kuwa mbovu ilhali hauna ubovu wowote.

Ugonjwa huo umekuwa mkubwa zaidi tangu watengenezaji walipoanza kuifunga mitambo yao kwa programu za simu za mkononi. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Sonos ya Marekani, inayouza spika za majumbani, iliiondoa programu yake ya zamani na kuleta mpya. Watu waliokuwa wamelipa fedha nyingi wakajikuta baadhi ya kazi walizozizoea, kama vile kuweka saa ya kuamsha, hazipo tena. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani mwezi Julai mwaka huo, na mwezi Januari 2025 akaacha kazi. Spika zilikuwa nzima wakati wote huo. Kilichoharibika ni njia ya kuziamuru, na njia hiyo haikuwa mikononi mwa wenye spika.

Kampuni ya Spotify ya Sweden ilifanya makubwa kuliko hayo. Mwaka 2022 ilikuwa ikiuza kifaa kidogo cha kuongozea muziki ndani ya gari, kilichoitwa Car Thing. Tarehe 9 Desemba 2024 kampuni ilikizima kwa wanunuzi wote. Vioo vilikuwa vizima, vitufe vilikuwa vizima, lakini kifaa hakikuwa na kazi tena.

Linganisha na historia ya vifaa vya kuchezea muziki vya Squeezebox, ambavyo vilibuniwa na kampuni ndogo ya Slim Devices, ikanunuliwa na Logitech mwaka 2006. Logitech iliachana navyo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni iliyokuwa ikivihudumia. Lakini programu kuu ya vifaa hivyo ilikuwa wazi kwa watu wote, na ilikubali amri za maandishi za namna ile ile tuliyoieleza, kama vile kuandika maneno "mixer volume 25" ili sauti iwe 25. Wapenzi wa vifaa hivyo wakaiendeleza programu wenyewe, na hadi leo vingi vinaendelea kupiga muziki. Hapa na kule kwa Car Thing kampuni ziliondoka. Tofauti ni kwamba mlango mmoja uliachwa wazi na mwingine ulifungwa kwa ufunguo aliokwenda nao muuzaji. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, seuze anayetegemea cha muuzaji wa ng'ambo asiyemjua.

PINGAMIZI

Wako watakaosema kwamba RS-232 ni teknolojia ya kizee na kwamba kompyuta mpya hazina tena tundu lake. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi za leo hazinalo, lakini kifaa cha kuunganishia kwa njia ya USB ni kidogo na cha bei nafuu. Isitoshe, kompyuta nyingi zilizokwisha tupwa katika stoo za shule na ofisi zinalo tundu hilo, na kazi ya kupeleka herufi tano inaziweza kabisa. Kinachoitwa uzee hapa ni ukomavu.

Wengine watasema kwamba kila kampuni ina msamiati wake, kwa hiyo hakuna lugha moja. Hoja hii ina ukweli. Watengenezaji wa vyombo vya kupimia umeme waliafikiana mwaka 1990 juu ya lugha moja ya amri za maandishi, iitwayo SCPI. Wenzao wa mitambo ya sauti hawakufanya hivyo kwa amri za maandishi. Lakini misamiati mingi iliyochapishwa ni bora kuliko ukimya. Kugeuza MUON kuwa neno la kampuni nyingine ni kazi ya jedwali moja la kurasa mbili.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni usalama. Amri hizi kwa kawaida hazina nywila. Yeyote aufikiaye waya anaweza kunyamazisha mkutano. Kwa waya wa RS-232, ambao kwa desturi hauzidi mita 15, dawa ni kabati lenye kufuli. Lakini amri hizo zikipelekwa kwa njia ya mtandao wa kompyuta, hatari huongezeka, na yapasa mtandao wa mitambo utengwe na mtandao wanaoutumia wageni. Uwazi wa lugha si ruhusa ya kuacha mlango wazi.

KAZI YA WALIMU

Ndugu walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa waya huu mmoja unafundisha masomo kadhaa. Mwalimu wa Hisabati anaweza kuonyesha kwamba herufi M ni nambari 77, na kwamba 77 ni 64 na 8 na 4 na 1, hivyo mwanafunzi akaona namba za msingi wa mbili zikifanya kazi badala ya kubaki ubaoni. Mwalimu wa Fizikia anaweza kueleza kwamba katika RS-232 biti ya moja ni volti hasi, kati ya 3 na 15, na biti ya sifuri ni volti chanya za kiasi hicho hicho. Mwalimu wa Kompyuta anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika programu ya mistari michache ambayo kila siku saa 1.30 asubuhi itauwasha mtambo wa shule na kupanga sauti yake tayari kwa kengele na matangazo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Bodi ndogo za elektroniki wanazozitumia wanafunzi hutumia volti 3.3 au 5, wala haziwezi kuunganishwa moja kwa moja na RS-232 bila kuungua. Pawekwe kati yake kipande cha kubadili volti, kama kile kiitwacho MAX232.

Lugha yetu nayo isisahauliwe. Herufi zote za Kiswahili zimo katika orodha ya ASCII, hata ile alama ya juu katika neno ng'ombe. Hivyo hakuna kizuizi chochote cha kumfanya mwanafunzi aandike NYAMAZA, na programu yake ikapeleka MUON. Aandike SAUTI 50, na programu ikapeleka MV50. Aandike ZIMA, na programu ikapeleka PWSTANDBY. Mlinzi wa ukumbi asiyejua Kiingereza ataweza kuuendesha mtambo bila kumngoja mtu. Jambo hili linawezekana kwa sababu mlango wa mtambo hupokea maandishi. Kwa mtambo uliofungwa ndani ya programu ya simu ya muuzaji, tutatumia lugha aliyoichagua yeye, tupende tusipende.

MASHARTI YA KUWEKA

Kwa watumishi wa umma, hasa maofisa ugavi na wajumbe wa bodi za zabuni, yapo masharti matano ambayo hayaongezi gharama kubwa yakiandikwa mapema, bali ni ghali mno yakikumbukwa baadaye.

Kwanza, mtambo uwe na tundu la kupokea amri za maandishi, la RS-232 au la mtandao. Pili, mwongozo kamili wa amri hizo ukabidhiwe siku ya kupokea mtambo, uingizwe katika leja kama kifaa kingine chochote, na nakala yake itunzwe masjala. Tatu, faili za programu na nywila zote ziwe mali ya ofisi, si mali ya mkandarasi. Nne, mtambo ufanye kazi zake zote za msingi hata intaneti ikikatika, na bila ya kuhitaji akaunti iliyo katika nchi nyingine. Tano, siku ya makabidhiano, fundi wa ofisi mwenyewe, mbele ya kamati ya mapokezi, auwashe mtambo, apandishe sauti, ainyamazishe, na auulize mtambo hali yake, yote kwa kuandika. Akishindwa kwa sababu mwongozo haujitoshelezi, mtambo usipokewe.

Muuzaji mwaminifu hatapata taabu yoyote kwa masharti haya, maana watengenezaji wengi wa mitambo ya kumbi wanazo amri hizo na miongozo yake. Atakayenung'unika ni yule aliyekusudia kuuza ukumbi mara moja na utii wake kila mwaka.

Mikutano ya hadhara, mihadhara ya vyuo na vikao vya mabaraza hufanyika ili watu wasemezane na kusikilizana. Mitambo ya sauti ikinyamaza kwa sababu kampuni moja mbali imebadili mawazo, anayenyimwa haki ni mwananchi aliyeketi kiti cha nyuma, ambaye kodi yake ndiyo iliyoinunua mitambo hiyo. Basi tukiisha kulipa, mtambo na uwe wetu kweli kweli: lugha yake tuwe tumeishika, daftari lake liwe kabatini mwetu, na amri yake itoke kwetu.